Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi na Karatasi za Vita Vyake

Ndugu msomaji, atakaye kumjua Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui atakutana na barua zilizochapishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1896, na humo vita vyake vimeitwa uasi. Sisi tulio huku Nyeri, mbali na pwani, na tuulize kwanza msimulizi ni nani, kama tulivyofunzwa katika hadithi. Kando yake tuweke tarikh ya Mazrui iliyoandikwa kwa Kiarabu na Sheikh Al-Amin bin Ali, Mungu amrehemu.

Babaye alikuwa liwali wa mwisho wa Mazrui katika Mombasa, akakamatwa kwa hila ya Sayyid Said mwaka 1837. Mwana akapigana na masultani wa Unguja zaidi ya mara moja. Wala tusimtakase: mwaka 1882 aliushambulia mji wa Vanga, wakadhurika Waislamu wenziwe.

Mwaka 1895 alifariki liwali wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza ikamtawaza mwanawe kijana, ikamwacha Mubarak, jamaa yake aliyemzidi umri na haki machoni pa wengi. Mubarak akakimbilia kwa Sheikh Mbaruk, na mzee yule hakumtoa. Tarehe 17 Agosti 1895 jeshi la Admirali Rawson likaiteka ngome ya Mwele. Vita vikahamia msituni, hata Waingereza wakaleta askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Sheikh akavuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.