Munganga Tarnier na sanduku la joto la watoto wachanga

Ndugu wachimbaji na jamaa zenu, neno kuvezi tunalijua wote. Mama akizaa kabla ya miezi kutimia, waganga wanasema mtoto anahitaji kuvezi. Leo tuangalie maisha ya mtu aliyeingiza chombo hicho hospitalini, kwa sababu yaliyompata na mashini yake yanatugusa sisi wa Lulimba mpaka leo.

Jina lake Stéphane Tarnier. Alizaliwa mwaka 1828 katika kijiji cha Aiserey, karibu na mji wa Dijon, Ufaransa. Baba yake alikuwa munganga wa kijijini. Kijana akasomea uganga Paris, kisha akapelekwa Maternité, hospitali kubwa ambamo wanawake maskini wa mji walikuwa wanazalia.

Huko alikuta kifo. Wamama walishikwa na homa baada ya kujifungua, na wengi walizikwa ndani ya siku chache. Wakubwa wengi hawakuamini kwamba ule ugonjwa unaambukiza. Tarnier akashika madaftari, akahesabu. Akaona mama aliyezalia mle ndani alikuwa karibu mara 17 katika hatari ya kufa kuliko mama aliyezalia mtaani. Mwaka 1857 aliyaandika hayo yote. Mwaka 1867 akapewa ukubwa katika hospitali ile ile. Akatenga wagonjwa na wazima, na baadaye akaingiza dawa ya kuosha mikono na vyombo. Vifo vikashuka.

Kisha akageukia watoto. Waliozaliwa wadogo sana walikuwa wanakufa kwa baridi, maana mwili wao hauna mafuta ya kutunza joto. Mwaka 1878 alitembelea bustani ya wanyama huko Paris, akaona mashini ya kuangulia mayai ya kuku. Akamwomba fundi wake, Odile Martin, amtengenezee nyingine ya watoto. Mwanzo wa miaka ya 1880 ikawekwa Maternité.

Hapa tusikilize vizuri. Ile mashini ya kwanza ilikuwa kubwa, ya watoto kadhaa pamoja, na maji yake yalipashwa na moto wa nje. Kuongoza ule moto haikuwa rahisi: ukizidi, mtoto anaungua, ukipungua, baridi inarudi. Tarnier hakung'ang'ania sifa ya mashini yake. Yeye na mwanafunzi wake Auvard wakaleta nyingine rahisi: sanduku la mbao la mtoto mmoja, chini chupa za maji ya moto, juu mtoto, kioo cha kumwangalia, na kipimajoto ndani. Muuguzi alibadilisha chupa kila baada ya masaa machache. Kitu kikienda vibaya, alikiona kwa macho yake.

Mwaka 1883 Auvard akatoa hesabu. Kati ya watoto waliozaliwa na kilo chini ya 2, mbele walikufa 66 kwa 100. Pamoja na kuvezi wakafa 38 kwa 100. Tarnier alionyesha pia namna ya kumlisha kwa mpira mdogo mtoto asiyeweza kunyonya. Alikufa Paris mwaka 1897, na mwaka 1905 mnara wa kumkumbuka ukasimamishwa mjini humo.

Mbao na maji ya moto hayakuwa na ajabu. Lile sanduku liliokoa watoto kwa sababu muuguzi wa usiku aliweza kulitumia bila kubahatisha. Sisi wachimbaji tunalifahamu jambo hilo. Pampu ya kuvuta maji shimoni, hata ikiwa mpya, mafuta yakiisha usiku na hakuna anayeijua, walio chini wako hatarini. Kuvezi ni vile vile. Za leo zinakula umeme. Umeme ukikatika, inabaki sanduku baridi. Kengele yake ikizimwa kwa sababu inasumbua, hakuna atakayejua kama joto limezidi. Isiposafishwa, inapitisha ugonjwa toka mtoto huyu mpaka yule, shida ile ile Tarnier aliyopigana nayo.

Basi, siku tukiombwa kuchanga franga, au mgeni akileta mashini hospitalini, tusipige makofi tu. Tuulize: umeme utatoka wapi usiku kucha? Nani amefundishwa, hata wa zamu ya usiku? Maandishi yake yako katika lugha wanayoisoma wauguzi wetu? Vipuri vitanunuliwa wapi? Na ikizima, mtoto atawekwa wapi?

Hilo la mwisho lina jibu: kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa vizuri. Waganga wa Bogotá, nchini Kolombia, walianza njia hiyo mwaka 1978 kwa sababu kuvezi hazikutosha. Mwaka 2022 OMS ilishauri ianze mara tu mtoto mdogo anapozaliwa. Baba naye anaweza kumpokea mama. Lakini mtoto mgonjwa sana bado anahitaji munganga na vyombo vizima.

Chama kinachodai kofia na kamba nzuri kwa wanaoshuka shimoni kina haki ya kudai usalama huo huo kwa watoto wao.