Balozi Kirk na sura ya mji wa Unguja

Atokaye mjini Garissa asubuhi akaelekea penye vichaka vya miiba hachelewi kumwona digidigi, yule paa mdogo wa kilo kama tano, atembeaye wawili wawili, dume na jike. Wasomali humwita sagaaro. Wataalamu wa wanyama wamempa jina jingine, jina la Kirk, walilolitia vitabuni mwaka 1880 kutokana na mnyama aliyetoka Barawa. Hivyo bara yote hii, kutoka mto Tana hata Juba, ina mnyama mwenye jina la mtu ambaye wengi wa wakazi wake hawamjui.

Mtu huyo ni Sir John Kirk, Balozi wa Kiingereza wa Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash. Watu wa pwani wanaomkumbuka humkumbuka kwa siasa. Walio wachache mno ndio wajuao kwamba alikuwa pia mpiga picha, na mmoja wa watu wa mwanzo walioihifadhi sura ya mji wa Unguja.

Kirk alizaliwa Scotland tarehe 19 Disemba 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Wakati wa vita vya Crimea alitumwa Renkioi, katika nchi ya Waturuki, kwenye hospitali ya mbao iliyoundwa Uingereza na kupelekwa kwa meli vipande vipande. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa daktari na mjuzi wa mimea. Mpiga picha rasmi wa safari ile alikuwa Charles, nduguye Livingstone, lakini kazi yake haikufana. Picha za Kirk ndizo zilizofanikiwa.

Unguja alifika mwaka 1866. Kwanza alikuwa tabibu wa ubalozi, kisha akapanda cheo hata akawa Balozi mwenyewe. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kikuu kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kirk ndiye aliyemshawishi, na nyuma ya ushawishi ule kulikuwa na tishio la manowari za Kiingereza. Soko la Mkunazini likafungwa, na juu ya ardhi yake Wamisionari wakajenga kanisa lao. Watumwa waliokwisha kumilikiwa hawakupata hukumu ya uhuru hadi 1897.

Huku nyuma kamera yake haikulala. Kamera ya zama zile haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Katika njia iliyotumika sana, kioo kilipakwa dawa, kikachovywa katika maji yenye madini ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, na picha ikasafishwa gizani papo hapo kabla dawa haijakauka. Katika joto la pwani mpiga picha alikimbizana na dakika. Tena dawa ile ilikuwa nzito kushika nuru, na kinachopigwa ilibidi kitulie. Mtu akitikisika hugeuka ukungu, bali jumba halitikisiki. Ndiyo sababu moja ya majengo kujaa katika picha za kale.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na sisi Waislamu. Wako wanavyuoni walioikataa sura ya kiumbe chenye roho, wakakhitilafiana juu ya kamera. Lakini nyumba, mti na mlima wengi wao hawakuvikataza. Basi hatuna udhuru wa dini wa kuiacha miji yetu bila kumbukumbu.

Faida ya picha zile ilionekana baadaye. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme ya Unguja, na Beit al-Hukm likaangamia. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 Kirk akiwapo, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Fundi atakaye kujua pwani ya Forodhani ilikuwaje kabla ya mizinga hana budi kurejea picha za karne ile, za Kirk na za wapiga picha wa Kigoa waliofungua maduka Unguja, akina Gomes na Coutinho.

Lakini tusimtukuze kupita kiasi. Alikuwa mtumishi wa dola yake. Mwaka 1875, jeshi la Misri lilipoingia Kismayu na Barawa, alisimama upande wa Sultani. Lakini mwaka 1886, mwaka aliouacha mji, dola hiyo hiyo ikapatana na Wajerumani kumwachia Sultani ukanda wa maili kumi tu wa mwambao. Na picha zake nyingi zipo Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mji wetu, tunausoma kwa jicho la mgeni na katika nyumba ya mgeni.

Kirk alirudi kwao, akaishi Sevenoaks, kusini ya London. Uzeeni macho yake yalififia, naye aliyewaonyesha wengine akawa haoni ila kidogo. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, mwenye miaka 89.

Tukirudi kwenye nchi ya digidigi, swali ni lile lile. Garissa haina majumba ya kifalme. Ina daraja la Tana, soko la mifugo, visima, madrasa za mabati, na vibanda vya Kisomali vya fito na mikeka vinavyovunjwa na kupakiwa juu ya ngamia. Hayo hayapigwi picha kwa kuwa yadhaniwa si majengo. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, majeshi ya usalama yaliuchoma mtaa wa Bulla Karatasi. Tume ya ukweli na haki ya Kenya iliyaandika mateso hayo katika ripoti yake ya 2013. Maandishi yametunza habari. Lakini mzee wa mtaa ule akitaka kumwonyesha mjukuu wake mlango wa nyumba yao ulivyokuwa, atamwonyesha nini?

Leo kamera i mkononi mwa kila kijana, wala haina haja ya kioo kibichi. Kinachotakiwa ni kupiga nyumba, si nafsi peke yake. Kuandika jina la mtaa, mwenye nyumba na tarehe. Na kuweka nakala mahali pa amana. Maktaba ya taifa ya Garissa, iliyoanza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia, ni mahali pafaapo kuanzia. Picha hizo zikae hapo, karibu na watu wenye nyumba zao.