Daktari wa mbuzi na wapiga mbizi

Msomaji wangu, mwanao akikuaga kuwa anakwenda Mafia au Mnemba kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, msimulie kwanza habari za John Scott Haldane.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1860, akasomea udaktari hukohuko. Kazi yake kubwa ilikuwa hewa tunayovuta. Aliingia migodini, akavuta gesi za sumu mwenyewe ili ajue zinavyomwathiri mtu.

Wakati huo wapiga mbizi wa jeshi la majini la Uingereza walikuwa wakitoka majini wazima, kisha baada ya muda baadhi hushikwa na maumivu makali ya viungo, wengine hupooza miguu, wengine hufa. Sababu ilishajulikana. Ukiwa chini sana, naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka mwilini kwa wingi. Ukipanda haraka, hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Kilichokosekana ni namna ya kupanda salama.

Haldane na wenzake waliwafungia mbuzi ndani ya chumba cha chuma chenye hewa iliyogandamizwa, London. Mbuzi aliyeumwa aliinua mguu wa mbele. Wakagundua kuwa mwili huvumilia mgandamizo ukipungua kwa nusu. Zaidi ya hapo lazima usimame, usubiri, ndipo upande tena. Mwaka 1906 walijaribu baharini, Uskoti, na wapiga mbizi wawili wakarudi salama kutoka zaidi ya mita 60. Haldane alimshusha hata mwanawe wa miaka 13, vazi likavuja maji. Mimi ni mama, hapo simuungi mkono.

Majedwali yake yalichapishwa mwaka 1908. Alifariki Oxford mwaka 1936, na ingawa hesabu zake zimerekebishwa, wazo limebaki.

Kwa hiyo mwambie mwanao apande taratibu, asizidi mita 9 kwa dakika, na asimame dakika 3 hadi 5 akiwa mita 5 chini ya maji. Asiharakie ndege ya kurudi nyumbani. Asubiri angalau saa 18, ingawa mimi huwashauri wagonjwa wangu 24. Na akilalamika ganzi, kizunguzungu au maumivu ya bega usiku ule, usimchue wala kumpa dawa ya maumivu alale. Mpeleke hospitali apewe oksijeni, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba alipiga mbizi.