Albert I: Mtawala wa Monaco aliyesoma bahari tumboni mwa nyangumi

JINA la Monaco si geni masikioni mwa wapenda michezo wa Afrika Mashariki. Ndiko yaliko makao makuu ya shirikisho la riadha duniani, na ndiko Mkenya Faith Kipyegon alikoweka rekodi ya dunia ya mbio za maili moja mwaka 2023. Wengine huijua kwa mashindano ya magari na kwa kasino ya Monte Carlo.

Wachache ndio wajuao kwamba nchi hiyo, yenye eneo la kilometa mbili hivi za mraba, iliwahi kutawaliwa na mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta viumbe wa vilindi vya bahari. Nyavu zake zilipogonga mwamba, nyangumi ndiye aliyemfungulia njia.

Albert Grimaldi alizaliwa Paris, Novemba 13, 1848. Mwaka huo huo miji ya Menton na Roquebrune ilijitenga na Monaco, na mwaka 1861 ikauzwa moja kwa moja kwa Ufaransa. Ukoo wa Grimaldi ukabaki na jabali na ufuko tu. Baba yake, Charles III, aliliziba pengo hilo kwa kuwakaribisha wacheza kamari matajiri wa Ulaya, na kamari ikafanikiwa kiasi kwamba wenyeji walisamehewa kodi.

Kijana huyo hakuvutwa na meza za kamari. Alijifunza ubaharia katika jeshi la majini la Hispania, kisha mwaka 1870 akajiunga na lile la Ufaransa katika vita dhidi ya Prussia. Ndoa yake ya kwanza, na binti wa ukoo wa Hamilton wa Uskoti, ilivunjika mapema baada ya kupata mtoto mmoja wa kiume. Ya pili nayo haikudumu. Inaelekea bahari ndiyo pekee aliyokaa nayo bila kuchokana.

Mwaka 1873 alinunua jahazi la matanga nchini Uingereza akaliita Hirondelle. Kuanzia mwaka 1885 jahazi hilo likawa chombo cha utafiti. Albert alitupa baharini chupa, mapipa na matufe ya shaba, jumla yake 1,675, kila kimoja kikiwa na ujumbe wa kumwomba atakayekiokota atoe taarifa. Vilirudi taarifa zake 227, na kwa hivyo akaweza kuchora jinsi maji ya Atlantiki ya Kaskazini yanavyozunguka. Hesabu hizo zilikuja kuwafaa mabaharia baada ya mwaka 1918, pale alipozitumia kukadiria mabomu ya majini yaliyoachwa na vita yangepelekwa wapi na mkondo.

Alishika utawala mwaka 1889. Sasa alikuwa na fedha, na mwaka 1891 akapata meli kubwa zaidi, Princesse Alice, yenye matanga na injini ya mvuke. Pamoja na hayo, kulikuwa na jambo lililomkera. Nyavu zake zilileta samaki na kaa kutoka sakafu ya bahari, lakini ngisi wakubwa hawakunaswa. Ngisi ana macho makali na mwendo wa kasi. Wavu unaoburutwa polepole huukwepa bila taabu.

Jibu lilipatikana Julai 1895 karibu na kisiwa cha Terceira katika visiwa vya Azores vya Ureno. Wavuvi wa huko walikuwa wamemchoma kwa chusa nyangumi wa ambari, yule mwenye kichwa kikubwa mfano wa sanduku na meno kwenye taya la chini. Watu wa mwambao wetu humjua zaidi kwa ile ambari inayookotwa ufukweni na kutiwa katika manukato. Mnyama huyo aliyejeruhiwa alielekea iliko meli ya Albert, akapita chini yake, akakata roho upande wa pili. Katika mahangaiko ya mwisho alitapika, na vipande vya ngisi vikaelea juu ya maji.

Albert aliamuru vikusanywe vyote. Mtaalamu Louis Joubin alipovichunguza alikuta aina ambazo sayansi haikuwa ikizijua. Mmojawapo, ambaye kichwa chake hakikupatikana, alikuwa na mwili uliofunikwa kwa kitu mfano wa magamba, jambo la ajabu kwa ngisi. Akapewa jina la ukoo wa mtawala: Lepidoteuthis grimaldii.

Leo tunajua kwamba nyangumi wa ambari huweza kuzama zaidi ya mita 1,000 na kukaa chini kwa muda wa saa nzima, akiwinda ngisi katika giza totoro. Albert hakuwa na vyombo vya kuyapima hayo, ila alitambua mara moja kwamba tumbo la mnyama huyo ni wavu bora kuliko wowote uliosukwa na binadamu. Akaongeza mashua za kuwindia na kumwajiri mvuvi wa nyangumi kutoka Uskoti.

Hapa tusimpambe kupita kiasi. Mtawala huyu hakuwa mlinzi wa nyangumi. Aliwaua ili awapasue, na alikuwa pia mwindaji hodari wa nchi kavu. Katika zama zake, kumjua mnyama na kumuua vilikuwa karibu jambo moja.

Safari zake za kisayansi zilifikia 28. Mwaka 1901, karibu na Cape Verde, wavu wake ulimpandisha samaki kutoka kina cha zaidi ya mita 6,000. Katika safari hiyo hiyo aliwashauri madaktari Charles Richet na Paul Portier wachunguze sumu ya kiumbe wa baharini afananaye na konyeza. Uchunguzi huo uliishia kwenye ugunduzi wa namna mwili unavyoweza kudhuriwa vikali na kitu ulichokwisha kukutana nacho awali, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Aligharamia pia ramani ya vina vya bahari zote duniani, yenye kurasa 24, iliyotolewa mwaka 1905.

Machi 1910 alifungua Jumba la Makumbusho ya Bahari, lililojengwa juu ya jabali la Monaco. Mwaka huo huo raia wake walimjia juu. Walichoka kutawaliwa bila bunge, huku kazi nzuri na vyeo vikishikwa na wageni. Mtu aliyemtetea Dreyfus, yule ofisa Myahudi wa Ufaransa aliyefungwa kwa uongo, na aliyeanzisha taasisi ya amani mwaka 1903, alilazimika kukumbushwa haki za watu wa nyumbani kwake. Alikubali, na katiba ikatangazwa mwaka 1911.

Alifariki Paris, Juni 26, 1922, akiwa na umri wa miaka 73.

Baada yake, meli za injini ziliua nyangumi wa ambari kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1982 Monaco ilijiunga na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, na mwaka huo tume ikapitisha uamuzi wa kusimamisha uvuvi wa biashara. Katika Azores, nyangumi wa mwisho aliuawa mwaka 1987. Siku hizi wageni hulipa wapelekwe kuwatazama. Mwaka 1999 Monaco, Ufaransa na Italia zilitia saini mkataba wa kutenga eneo la hifadhi ya nyangumi na pomboo katika bahari ya Mediterania, na kilembwe wake, Albert II, aliyeshika utawala mwaka 2005, ameendelea kuipigania bahari hiyo. Nyangumi wa ambari waliosalia humo ni wachache, na adui zao sasa ni meli ziendazo kasi na nyavu zinazowanasa.