Jaurès, depite wa watu wa mine

Jean Jaurès hakuwa mutu wa mine, alikuwa mwalimu wa filozofia. Mu 1892, kule Carmaux, Ufaransa, kampani ilifukuza Calvignac, mutumikaji wa mine, kisha kuchaguliwa meya: eti anakosa-kosa kazi! Watu wakafanya mgomo, serikali ikatuma waaskari. Jaurès akawatetea, na mu 1893 wakamutuma Bungeni. Mwaka ule ule aliwabana mawaziri: namna gani mutumikaji ni mukubwa siku ya kura, lakini ndani ya kazi anabaki mutumwa?

Alipigwa risasi Paris, tarehe 31/7/1914. Mu 1919 tribinali ikaachilia muuaji, na mjane ndiye akalipishwa gharama za kesi. Mjane, wandugu! Mu 1924 wachimbaji wa Carmaux wakasindikiza sanduku lake mpaka Panthéon.