Dennis Gabor: Mkimbizi aliyeiachia dunia holografia

MWANASAYANSI Dennis Gabor, mbunifu wa holografia, alizaliwa Juni 5, 1900, mjini Budapest, Hungary. Alisomea uhandisi wa umeme mjini Berlin, Ujerumani, akapata shahada ya udaktari mwaka 1927 na kuajiriwa na kampuni ya Siemens & Halske.

Maisha hayo yalivurugika mwaka 1933, Adolf Hitler aliposhika madaraka. Gabor, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, alipoteza kazi yake na hatimaye kuhamia Uingereza, akaanza upya katika mji wa Rugby.

Ni huko, mwaka 1947, alikopata wazo lililompa umaarufu. Darubini za elektroni za wakati huo zilishindwa kuonyesha vitu vidogo mno kwa sababu ya kasoro za lenzi zake. Gabor alitambua kwamba picha ya kawaida hunasa nguvu ya mwanga pekee na kupoteza mpangilio wa mawimbi yake. Alipendekeza mawimbi yaliyogusa kitu yakutanishwe na mengine yasiyoguswa, alama za makutano hayo zirekodiwe, kisha sura ya kitu hicho iundwe upya kutokana nazo.

Wazo hilo, lililochapishwa mwaka 1948, halikupata mashiko, kwani mwanga uliokuwapo haukuwa na mpangilio wa kutosha. Gabor alihamia Chuo cha Imperial, London, mwaka 1949 na kuendelea na tafiti nyingine. Leza ya kwanza ilipowashwa mwaka 1960, holografia ilifufuka, na mwaka 1971 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alifariki dunia jijini London Februari 1979.

Miaka 25 baada ya kifo chake, mwaka 2004, watafiti waliotumia mionzi ya eksirei ya kituo cha BESSY walipiga picha za maeneo ya sumaku ndani ya utando mwembamba wa kobalti na platinamu, bila lenzi yoyote. Tundu dogo kando ya sampuli lilipitisha mawimbi yasiyoguswa, nayo kompyuta ikaiunda picha. Ziliweza kuonekana sehemu zenye upana wa takriban nanomita 50, yaani vipande 50 vya milimita iliyogawanywa mara milioni moja.

Kituo hicho kipo Berlin, jiji lilelile ambalo Gabor alilazimika kulihama mwaka 1933.