Floribert Chebeya: mtetezi wa haki ambaye kifo chake kilileta majaji wa polisi kwenye mizani

Kila tarehe 2 Juni, jina la Floribert Chebeya Bahizire linarudi midomoni mwa watetezi wa haki za binadamu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Linarudi na swali moja: askari polisi wakishitakiwa kwa mauaji, ni nani anayeweza kuwahukumu bila kuogopa wala kupendelea?

Chebeya alizaliwa tarehe 13 Septemba 1963. Mwaka 1983, inchi ikiitwa bado Zaire na ikiwa chini ya chama kimoja cha Mobutu, kijana huyu na wenzake walianzisha La Voix des Sans-Voix, maana yake Sauti ya Wasio na Sauti. Walifanya kazi kwa siri, wakiandika majina ya watu waliokamatwa au kuteswa. Mwaka 1992 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya haki za binadamu ya Reebok.

Utawala ulibadilika, kutoka Mobutu hadi Kabila baba, kisha Kabila mwana, lakini Chebeya hakubadilisha kazi. Alikamatwa na kutishwa mara nyingi. Kati ya mambo aliyofuatilia ni mashambulizi ya polisi juu ya wafuasi wa dini ya Bundu dia Kongo katika jimbo la Bas-Congo mwaka 2008, ambako Umoja wa Mataifa ulisema watu 100 au zaidi waliuawa.

Tarehe 1 Juni 2010, Chebeya alikwenda kwenye makao makuu ya polisi mjini Kinshasa, ambako alikuwa na miadi na mkuu wa polisi, Jenerali John Numbi. Alifuatana na dereva wake, Fidèle Bazana. Kesho yake maiti ya Chebeya ilikutwa ndani ya gari lake, pembeni ya mji. Kulikuwa na vitu vilivyopangwa ili watu waamini kwamba alikufa akiwa na mwanamke. Maiti ya Bazana haijaonekana hadi leo. Numbi, ambaye amekana kuhusika, alisimamishwa kazi siku chache baadaye.

Hapo ndipo swali la majaji lilipoanza. Kule Marekani, polisi akishitakiwa, kwa kawaida raia 12 ndio huamua kama ana hatia, na mawakili wa pande zote mbili wanaweza kuwakataa wale wanaoonekana kuegemea upande mmoja. Huku Congo, Katiba inapeleka askari polisi mbele ya korti za kijeshi, sawasawa na wanajeshi. Raia haketi pale. Majaji ni wanasheria wenye sare, pamoja na maafisa walioteuliwa kukaa nao. Na sheria ya mwaka 2002 inaweka ngazi: jaji anayeongoza kesi hawezi kuwa na cheo cha chini kuliko cha mshitakiwa. Jenerali anahukumiwa na Korti Kuu ya Kijeshi peke yake.

Kwa familia za marehemu, maana yake ilikuwa wazi. Kesi ilipofunguliwa mwezi Novemba 2010 mbele ya Korti ya Kijeshi ya Kinshasa-Gombe, ikisikilizwa ndani ya gereza la Makala, washitakiwa walikuwa polisi 8. Watatu kati yao walikuwa wamekimbia. Jenerali Numbi alifika kama shahidi tu, ingawa familia na mashirika yalitaka ashitakiwe.

Tarehe 23 Juni 2011, korti ilitoa hukumu ya kifo kwa Kanali Daniel Mukalay na wale watatu waliokimbia. Mmoja alipewa kifungo cha maisha, wengine 3 wakaachiliwa. Katika rufaa, mwezi Septemba 2015, adhabu ya Mukalay ilishushwa hadi miaka 15, na wenzake waliofika mbele ya korti wakaonekana hawana hatia. Kwa sheria, faili ilionekana kufungwa.

Lakini waliokimbia walianza kusema. Paul Mwilambwe, mmoja wao, alihojiwa uhamishoni na mtengeneza filamu Mbelgiji Thierry Michel, ambaye mwaka 2012 alifukuzwa Kinshasa alipokuja na filamu yake juu ya kesi hii. Baada ya utawala kubadilika mwaka 2019, wengine wawili walikamatwa. Mmoja wao, Jacques Mugabo, alikiri kwamba alishiriki katika mauaji.

Kesi ikafunguliwa tena mwaka 2021, mara hii mbele ya Korti Kuu ya Kijeshi. Tarehe 11 Mei 2022, Christian Kenga Kenga alihukumiwa kifo, Mugabo miaka 12, na Mwilambwe, ambaye mwaka 2011 alikuwa amehukumiwa kifo bila kuwepo, akaonekana hana hatia.

Faili ni ile ile na marehemu ni wale wale, lakini mtu mmoja amepita kutoka hukumu ya kifo hadi uhuru. Tofauti kati ya 2011 na 2022 ni mashahidi waliothubutu kusema, na walithubutu wakati wakubwa wao wa zamani hawakuwa tena na nguvu juu yao. Hiyo inaonyesha kwamba kuchagua majaji wema hakutoshi kama cheo na uoga vinaamua ni nani anaingia kortini kama mshitakiwa na nani kama shahidi.

Jenerali Numbi aliondoka inchini mwaka 2021, na jeshi likamtangaza kuwa mtoro. Hajawahi kuhukumiwa katika kesi hii. Wajane wa Chebeya na Bazana walikwenda kuishi ng'ambo pamoja na watoto wao, na familia ya Bazana ingali inangoja kupata maiti yake.